Rangi Isiyokwanguliwa

6 Februari

Mpendwa mdogo wangu Bisibisi,

Pokea salamu zetu sote. Sisi ni wazima, ukiondoa goti la baba, ambalo linamkumbusha kila ngazi aliyowahi kupanda na ndoo ya rangi mkononi. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa kila akimwita shangazi anapiga mluzi bila kukusudia. Shangazi anadhani anadhihakiwa. Wamenuniana tangu juzi, mtu mzima na mtoto, na mimi ndiye ninayepeleka maneno chumba hadi chumba. Ile suruali yako yenye tundu la moto nimeifanya tambara, usije ukaiulizia.

Baba bado anatamba na kazi yako. Kila anayekuja kumwona lazima asikilize kwanza: makabati ya umeme pale kiwandani nimeyapaka mimi kabla sijastaafu, na vilivyomo ndani kavifunga mwanangu. Mgeni asipotikisa kichwa anaanza upya.

Na kweli, tangu utufungie zile draivu, vile vikasha vya kuongoza mwendo, mota zetu zimepata adabu. Zamani mtu akiwasha, mkanda unashtuka na sabuni ya unga inatumwagikia miguuni. Siku hizi mota inaamka taratibu, inaongeza mwendo jinsi tunavyotaka. Meneja ananisalimia kwa jina sasa, kwa sababu mimi ndiye niliyekushika mkono nikakupeleka kwake na kusema, huyu ni mdogo wangu, mpeni kazi hii, mkijuta njooni kwangu.

Sasa kuna jambo moja. Mizani yangu imeanza uhuni. Nikiweka mfuko, namba zinatulia vizuri mkanda ukiwa umesimama. Draivu ikiwashwa, namba zinaruka juu na chini. Mfuko mmoja unatoka mwepesi, unaofuata mzito, na kioo cha mizani kinaonyesha yote yako sawa. Tena mlinzi wa getini analalamika kwamba mota zikianza tu, redio yake inakoroma na taarifa ya habari inapotea. Anasema mashine yako ina wivu, haitaki mwingine aongee.

Wewe ndiye mjuzi. Ni kitu gani hicho? Nijibu mapema, maana mizani ndiyo kazi yangu.

Dada yako.


2 Machi

Dada yangu kipenzi, mama yangu wa pili,

Salamu kama mchanga. Barua yako ilikaa kwenye gari la vipuri, dereva akaenda likizo nayo. Huku mtandao hakuna. Ipo simu moja ya ofisi, nayo haitumiki kwa mambo ya nyumbani, ukiigusa unaitwa. Kwa hiyo tuendelee hivi hivi kwa kalamu, kama wapenzi wa zamani.

Mpwa wangu mwambie meno yataota na mluzi utaisha, autumie sasa. Shangazi mwambie nimesema asamehe. Baba mpe mkono wangu.

Mimi mambo yamenyooka. Wamenipa draivu ya lifti inayowashusha wachimbaji mgodini. Lifti nzima, dada, na mafundi chini yangu. Mkuu wa huku alimpigia simu meneja wenu kabla hajanipa cheo, akauliza ile kazi ya kiwanda cha sabuni ilikwendaje, akasifiwa. Umeona? Ule mkono ulionishika bado unanivuta.

Kuhusu mizani, usitie shaka. Ile mizani ni ya zamani, imechoka. Namba zikiruka bonyeza kitufe cha sifuri, zitatulia. Redio ya mlinzi nayo ni ya kutupa, ilikuwa inakoroma hata nikiwa mtoto.

Wako Bisibisi.


19 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Shangazi na mpwa wako wamepatana, sasa wamenigeuzia mimi kibao. Baba alitaka kwenda kwenye maziko ya mchoraji mwenzake, yule aliyekuwa anaandika mabango, goti likamkatalia. Alikaa uani siku nzima akisafisha brashi ambazo hana pa kuzitumia.

Nimebonyeza sifuri kama ulivyosema. Nimebonyeza mpaka kidole kimepata sugu. Namba zinatulia kidogo, kisha mifuko inatoka mibaya kuliko mwanzo. Wateja wamerudisha. Meneja hanisalimii tena kwa jina, hanisalimii kabisa.

Na sasa yameanza maneno. Wanasema mifuko mizito haitoki yenyewe. Wanasema naisukumia kwa yule mpakizi tunayemwita Mbavu, aipakie kwenye magari ya watu wake, halafu tugawane. Kwa nini Mbavu? Kwa sababu tunacheka pamoja wakati wa chai. Ningejua kucheka ni ushahidi ningenuna kama shangazi.

Bisibisi, nikuulize kitu, na unijibu kama tulivyolelewa. Unakumbuka siku ulipotoka chuoni ukatufanyia mchezo mezani? Ulichukua redio ya baba ikiwa inaongea, ukaitia kwenye sufuria, ukafunika. Kimya. Kisha ukaweka kitambaa kati ya mfuniko na sufuria, na yule mtangazaji akaanza kusikika tena. Ukasema draivu ni mpiga kelele, kelele zake hazisikiki kwa sikio ila nyaya zinazisikia. Ukasema dawa yake ni chuma kugusana na chuma, pasiwe na kitu katikati. Kebo ya mota iwe na wavu wake wa shaba, na wavu ubanwe kuzunguka pande zote. Ipitie njia yake, isilale na waya wa vipimo. Na lile chujio la umeme, kile kikasha cha kumeza kelele za draivu, likae kwenye chuma kitupu, rangi yote ikwanguliwe kwanza, kwa sababu rangi ni kile kitambaa.

Mimi sikusoma, lakini mchezo ule niliuelewa. Je, pale kiwandani ulifanya hivyo?

Dada yako.


24 Aprili

Dada mpenzi,

Salamu nyingi, nyingi mno, zimfikie baba na goti lake, mpwa na meno yake, shangazi na manuno yake, mlinzi na redio yake, na jirani yule ambaye sijui kama bado anafuga bata. Hali ya hewa huku ni nzuri. Chakula kinatosha. Nimenenepa, mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya. Namtumia mpwa wangu viatu, kama vinambana avikunje nyuma kwanza.

Usinione nimechelewa. Kazi ya lifti ina watu wengi wa kuiangalia, wakaguzi wanakuja, kila mmoja na swali lake.

Kuhusu ulichouliza, dada, mambo ya chuoni ni ya chuoni. Kazini mtu anaangalia muda aliopewa, anaangalia mteja anataka nini. Ile kazi ilipokelewa, meneja mwenyewe aliwasha na akapiga makofi, ulikuwepo. Nakushauri tu kitu kimoja, kwa mapenzi: usimwambie meneja kwamba tunaandikiana kuhusu mambo haya. Watu hawakawii kuchanganya undugu na kazi. Wewe endelea na kazi yako kwa utulivu. Lisilo na mwisho halipo.

Wako akupendaye, Bisibisi.


11 Mei

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Mtoto hajambo. Viatu vinambana.

Nimesimamishwa kazi. Waliniita ofisini, meneja, mama wa utumishi, na mkuu wa ulinzi amesimama mlangoni kana kwamba nitaruka dirishani. Mbavu wameshamwondoa tangu asubuhi, hata kikombe chake cha chai hakuruhusiwa kurudi kukichukua. Nikajitetea. Nikasema namba zinaruka draivu zikiwaka, muulizeni mlinzi kuhusu redio yake. Wakacheka. Nikasema basi muulizeni fundi aliyezifunga.

Meneja akasema, "Tumeshamuuliza. Tulimpigia simu."

Nikamwambia huko hakuna simu ya mambo hayo. Akasema, "Ipo, mama. Tumeongea naye mara mbili, ametulia kabisa. Anasema draivu zake hazina tatizo lolote. Anasema mkitaka kujua, mwangalieni anayebonyeza kitufe cha sifuri."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mama wa utumishi alikuwa anatazama kucha zake.

Mdomo ulifunguka, Bisibisi. Ulifunguka useme, ni yeye aliyeniambia nibonyeze. Barua yako ninayo kabatini, chini ya mashuka. Nikaufunga mdomo. Niliona sura ya baba akikaa pale uani, akimwambia mgeni kwa mara ya mia habari za mwanawe. Nikasema moyoni nitakaa nalo hili mpaka unijibu. Nikaweka ufunguo wa kabati langu mezani nikatoka, na wale wanawake wa kufungasha niliokula nao miaka yote wakainamia kazi zao kama hawajaniona.

Mtaani naitwa mama sabuni. Mtoto amerudi kutoka shuleni ameuliza, eti sisi ni wezi? Mimi niliyekulea mama alipofariki, niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua mpaka zahanati na mimi mwenyewe bado mtoto, nimeuzwa na wewe kwa simu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nadhani ni maneno ya kuchezea watoto.

Sikuulizi unanipenda au hunipendi. Nakuuliza kwa nini.

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Salamu. Barua yako imefika upesi, nami najibu upesi. Nimeisoma nimesimama.

Kwanza, sikukutaja jina. Nakuapia, jina lako halikutoka mdomoni mwangu. Nilisema anayebonyeza kitufe. Wao ndio waliokwenda mbali.

Pili, nielewe. Simu ilipigwa ofisini kwa mkuu wangu, naye amekaa hapo hapo, ananisikiliza. Kama ningesema labda kuna tatizo pale sabuni, angeniuliza, na huku je? Siku hiyo hiyo ningekuwa njiani na begi langu. Wewe una akili, una cherehani, watu wanakupenda, utasimama tena. Mimi nikianguka sasa sitainuka.

Tatu, na hili sikutaka kulisema. Ulitaka kujua kama nilikwangua rangi. Sikukwangua. Baba alikuja siku ile ya kufunga draivu na fimbo yake, mlinzi akamruhusu, akakaa kwenye ndoo akinitazama. Nilipotoa kikwangulio akasema, "Usinikwangulie kazi yangu, hiyo rangi nimeipiga mikono mitatu." Unamjua baba. Rangi ni nguo ya chuma, ndivyo alivyotufundisha. Ulitaka nimvunje moyo mbele ya watu? Nilifanya kwa ajili yake. Ukitaka wa kumlaumu, basi tulaumiane ndani ya nyumba.

Wakaguzi wa lifti wanamaliza mwezi ujao. Nakuomba, dada, unyamaze mpaka wapite. Wakishapita nitakuja mwenyewe, nitaongea na meneja, nitaweka kila kitu sawa. Damu ni damu.

Bisibisi wako.


21 Juni

Sina salamu leo. Nitakueleza yaliyotokea, kisha nina swali.

Kiti changu walimpa mama mwingine, mcha Mungu, hacheki na mtu. Wakamkataza hata kukitazama kitufe cha sifuri. Mifuko ikaendelea kutoka mibaya vile vile. Ndipo meneja akaanza kukuna kichwa. Akamwita fundi kutoka mji mwingine, mwanamke mnene mpole anayeitwa Koleo, na wewe utakuwa umemsikia.

Koleo hakufungua kitu. Kwanza alikwenda getini akamwomba mlinzi redio yake. Ile ya kutupa. Akaiwasha, akatembea nayo kando ya trei ya nyaya, ile njia ya bati inayobeba kebo ukutani, mota zikiwa zinafanya kazi. Kila alipokaribia kebo yako redio ilipiga kelele kama mtoto anayechanjwa. Alipofika mahali kebo ya mota imelala ubavu kwa ubavu na waya wa mizani yangu, akacheka peke yake. Mlinzi ndiye aliyenipitia nyumbani kunihadithia, na baba yuko pale pale anasikia. Sikuwahi kumwambia baba chochote, Bisibisi. Nilimwambia niko likizo. Akaniangalia, akachukua fimbo yake na kile kimfuko chake cha zana, akasema twende.

Walituruhusu. Yule mama wa utumishi alitaka kutuzuia, mlinzi akamwambia mzee huyu alikuwa hapa kabla hujajua kuandika.

Kabati lilikuwa wazi. Koleo alituonyesha makosa moja moja. Wavu wa kebo hukuubana kuzunguka, uliusokota kama msuko wa mtoto anayechelewa shule, ukaufunga kwa skrubu moja. Kebo ya mota na waya wa vipimo umevilaza trei moja, kwa urefu wote wa ukumbi, ingawa trei ya pili ipo na ni tupu. Na chujio limekaa juu ya rangi. Linang'aa, halijagusa chuma hata kidogo.

Baba akauliza, "Kwa hiyo rangi yangu ndiyo iliyomfukuzisha binti yangu?"

Koleo akasema, "Rangi haina kosa, mzee. Mpiga rangi hafundishwi umeme. Lakini fundi anafundishwa kukwangua."

Baba akasema, "Mimi nilimkataza." Alisema hivyo mbele ya watu wote, meneja akiwepo. Alitaka kukubebea kosa hata pale. "Nilimkataza na fimbo mkononi. Asingeweza kunibishia."

Koleo akamwuliza, "Na angekuambia kwamba dada yake atapata taabu usipokubali?"

Baba alimwomba atoe chujio. Likatolewa. Akafungua kimfuko, akatoa kikwangulio chake cha zamani, kile chenye mpini wa mti uliolika, ambacho tulikuwa tunakatazwa kukigusa. Nikadhani atakaa, goti lile halimruhusu kupiga magoti. Alipiga magoti. Akakwangua rangi yake mwenyewe mikono yote mitatu, tabaka kwa tabaka, mpaka chuma kikatoka cheupe, akapangusa, akapapasa kwa kidole gumba kama anavyofanya akitafuta vumbi. Koleo alitaka kumpokea akamsukuma mkono. Akakwangua na mahali pa draivu, na mahali pa kubania wavu. Hakuambiwa mara mbili.

Kwa hiyo usinitajie tena baba. Ungemwambia neno moja angefanya siku ile ile. Tena hebu niambie, rangi ni ya baba, na trei ni ya nani? Ule msuko ni wa nani? Hapo nani alikukalia kwenye ndoo? Ulikuwa na haraka, ukataka kwenda kwenye kazi kubwa, na mzee alipofungua mdomo ukapata pa kujificha. Kisha mimi nilipolia ukanitumia mimi. Unasema hukunitaja jina. Mbele ya kile kitufe kuna kiti kimoja, na ulijua ninayekikalia ni mimi tangu uko chuoni unasubiri nikutumie nauli.

Koleo alihamisha kebo, akabana wavu pande zote, akarudisha chujio kwenye chuma kitupu. Wakawasha. Namba zikasimama. Mlinzi huko getini akaongeza sauti ya redio makusudi, tukasikia mpaka ndani. Meneja amenirudisha kazini, na Mbavu pia, na ametuomba radhi kwa sauti ndogo kuliko ile aliyotufukuzia. Wenzangu wa kufungasha wameanza tena kuniletea chai. Naipokea. Barua yako ile ya kitufe cha sifuri sikumwonyesha mtu, na sasa sina haja nayo, nimewashia jiko.

Tuliporudi nyumbani baba alipangusa kikwangulio chake akakirudisha kimfukoni. Jana alikuja mgeni. Nikamsikia anamwambia, makabati yale niliyapaka mimi. Nikasubiri sentensi ya pili. Hakuisema. Akamkaribisha mgeni chai.

Usiku ule ule hakula. Leo asubuhi akaniambia nikae niandike, naye akasimama nyuma yangu ameshika kiti. Ameusikia ule mstari wako unaosema wakaguzi wanamaliza mwezi ujao, maana barua yako ya mwisho nilimsomea yote jana usiku. Hataki kujua utakuja lini. Hataki uongee na meneja. Amesema mizani ya sabuni ikiruka, mtu anapata mfuko mwepesi. Lifti ikiruka kuna watu ndani, na kila mmoja ana dada yake.

Swali ni lake, nami nalirudia kama alivyolisema. Huko kwenye lifti, umekwangua?

Barua hii dereva wa gari la vipuri anakukabidhi leo hii mkononi, usijibu kwa kalamu. Hiyo simu ya ofisi ipo, tunajua. Piga kwa meneja wetu kesho, mimi na baba tutakuwa tumekaa hapo mezani kwake. Kesho isipolia, meneja atampigia mkuu wako, na mimi ndiye nitakayeongea. Ukipiga sema ndiyo au hapana. Salamu usitoe.